Kabla hujalipia lori lililotumika Marekani: ulizia kasoro zilizoitiwa marekebisho

Kiwanda cha Marekani kikigundua kasoro ya hatari, hulazimika kuyaita malori husika yarekebishwe bure. Madereva wa huko huuita wito huo rikoli. Barua ya wito hutumwa kwa posta kwa mwenye gari aliye kwenye usajili, na lori likishabadili mikono mara tatu, barua huishia kwa mtu aliyekwishalisahau. Mnunuzi lazima aulize mwenyewe.

Anza na namba ya chasi, yaani VIN, iliyo kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Ina herufi na tarakimu 17. Haitumii I, O wala Q, kwa hiyo kiduara unachokiona ni sifuri. Alama ya 10 ni mwaka wa modeli: G ni 2016, H ni 2017, J ni 2018. Mwaka huo peke yake hautoshi. Wito mara nyingi hufuata tarehe ya kuundwa, nayo iko kwenye kibandiko hichohicho. Modeli ya 2017 inaweza kuwa ilitoka kiwandani 2016.

Ingiza VIN kwenye nhtsa.gov/recalls, ukurasa wa NHTSA, mamlaka ya serikali kuu ya usalama wa magari. Wengi huteleza hapa. Kanuni inayowataka watengenezaji wakubwa waweke taarifa za kila VIN inahusu magari madogo na pikipiki, si malori mazito. Ukiambiwa hakuna kitu, bado hujajua kitu. Tafuta tena kwenye tovuti ya mtengenezaji, au mpigie dila (wakala anayeuza na kutengeneza malori) wa chapa hiyo umsomee VIN aitazame kwenye mfumo wake. Tela lina VIN yake, nalo liulizie. Matairi yana namba inayoanza na DOT ubavuni, na wito wao ni wa peke yake.

Usisubiri dalili. Mwaka 2016 Volvo iliita malori yapatayo 16,000 ya aina za VNL, VNM na VNX, ya modeli za 2016 na 2017. Bolti ya shafti ya usukani huenda haikukazwa sawasawa, na kipande cha chini cha shafti kingeweza kuchomoka bila onyo. Usukani mzuri asubuhi, mchana unazungusha hewa. Wakaguzi wa barabarani waliagizwa kuyasimamisha yale ambayo hayajatengenezwa. Ukikuta wito unaosema usiendeshe, lori lipelekwe kwa winchi.

Unapompigia dila kupanga siku, taja namba ya wito. Za NHTSA huanza na tarakimu mbili za mwaka, kisha V kwa magari, E kwa vifaa au T kwa matairi. Uliza kwanza kama spea zimefika. Barua ya kwanza wakati mwingine ni ya taarifa tu, ya pili ndiyo inayokuita gereji; ukienda mapema utalaza lori bure, na sheria haimlazimishi mtu kukulipa mapato ya siku hizo.

Matengenezo ni bure kwa gari ambalo, wito ulipotangazwa, lilikuwa halijazidi miaka 15 tangu liuzwe mara ya kwanza, hata kama garantii imekwisha. Lori lililopelekwa likakaa siku 60 bila kutengenezwa vizuri, sheria inahesabu kwamba muda unaofaa umepita. Hapo mpigie mtengenezaji moja kwa moja, kisha peleka malalamiko NHTSA, simu 888-327-4236. Kama ulilipia kasoro hiyohiyo kabla ya wito kutangazwa, tuma ankara na risiti kwa mtengenezaji. Kuna utaratibu wa kurudishiwa.

Usiondoke gereji bila karatasi yenye VIN, maili, namba ya wito na malipo sifuri. Wiki chache baadaye mwulize dila tena: dila akisahau kufunga kazi kwenye mfumo, wito utaonekana bado uko wazi, na mnunuzi ajaye atautumia kukushusha bei.

Kama kichwa cha lori kinasafirishwa kwenda Dar es Salaam au Mombasa, yote haya yamalizike kabla hakijapanda meli. Sheria ya Marekani haimfungi dila wa huko kukutengenezea bure.