Namna ya kusoma habari ya Tamari kwenye jumuiya bila kumnyamazisha mtu tena

Jamani kina mama wenzangu wa huku Uyole na nyie wa Tukuyu mnaoniuliza, naandika hapa jinsi tunavyosoma 2 Samweli 13 maana siku hizi kila wiki unasikia mwanamke kapigwa, binti kabakwa, halafu tukikutana jumuiya tunaimba tu tunaondoka.

Kwanza kaeni vikundi vidogo, watu wanne watano, na kina mama wakae peke yao, kina baba peke yao. Ukiwachanganya hakuna atakayeongea, yaani mtu hawezi kusema mbele ya mume wake au shemeji yake. Na mkubaliane kabisa kwamba ya humo yanabaki humo, yasifike gengeni.

Halafu msomaji asome taratibu mstari wa 1 mpaka 22, asiruke. Wengi hawajawahi kuisikia ikihubiriwa Jumapili. Tamari, binti wa mfalme Daudi, anatumwa na baba yake kwenda kumpikia kaka yake Amnoni aliyejifanya mgonjwa, anakanda unga, anapika mikate mbele ya macho yake, na ni kwenye kumpelekea hicho chakula anapokamatwa na kubakwa. Kina mama wanaopika kila siku wanaelewa hapo kabla hujaeleza.

Ukimaliza usihubiri, uliza. Nani walihusika? Waache wahesabu wenyewe: Yonadabu rafiki wa Amnoni aliyetoa mpango, Daudi aliyemtuma bila kujua, mtumishi aliyemtoa nje akafunga mlango. Afu uliza Tamari alisema nini, maana alisema! Mstari wa 12 na 13 alikataa, akamwambia jambo hili halifanyiki kwetu, nami nitapeleka wapi aibu yangu. Anayesema "mbona hakupiga kelele" mrudishe hapo.

Sasa mstari wa 20 kaeni nao muda mrefu. Absalomu anamwambia dada yake nyamaza, ni ndugu yako. Siku tuliposoma hapo mama mmoja alikuwa anamenya viazi pembeni, kisu kikasimama, akasema hayo ndo maneno niliyoambiwa na wakwe, yaishe ni mambo ya ndani. Hakuna aliyemjibu kwa muda. Msiharakishe kumjibu mtu kama huyo, wala usimletee Waefeso 5:22 ya wake kutii, na akitokea wa kuileta mwambie asome pia 21 ya kutiiana na 25 ya waume kuwapenda wake zao. Daudi alikasirika sana lakini hakumfanya Amnoni kitu, na miaka miwili baadae Absalomu akaamuru watumishi wake wamuue Amnoni kwenye karamu, ila Tamari hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Kwa kina baba waulize hilo hilo, wewe hapa ungekuwa nani?

Mkimaliza msifunge kwa sala mkatawanyika. Kiongozi awe tayari anajua Dawati la Jinsia na Watoto lipo kituo gani cha polisi, PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali mtu akiumizwa, inachukuliwaje, kesi za mtoto unapigia 116, na ajue Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 66 inasema hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, maana wengi wanadhani kupigwa kumeruhusiwa. Akibaki mtu amekaa wenzake wakinyanyuka, kaa naye. Akitaka kwenda polisi msindikize kesho yake asubuhi, akisema bado, usimlazimishe, mpe namba yako.

Wiki inayofuata someni Waamuzi 19, ila huo uandaeni vizuri, ni mzito kuliko huu.