Jinsi ya kupata leseni na stempu ya kuwinda bata Marekani, hatua kwa hatua

Kila ikikaribia msimu wa bata naulizwa maswali yaleyale, kwa hiyo leo naandika yote kwa pamoja, mwenye haraka aruke anakotaka ila tafadhali asiruke sehemu ya stempu. Kuwinda bata Marekani hakuna karatasi moja tu unalipia halafu umemaliza. Kuna cheti cha mafunzo, kuna leseni ya jimbo, kuna usajili unaitwa HIP, na kuna stempu ya bata ya serikali ya taifa. Ukiwa nazo tatu ukakosa moja bado umevunja sheria, na ujue bata wanalindwa na sheria ya ndege wahamaji ya mwaka 1918, yaani kosa lako linaweza kuwa la taifa na siyo la jimbo peke yake.

Kwanza kabisa mambo ya makaratasi ya uhamiaji, maana hili watu wanaona aibu kuuliza halafu linawaumiza. Ukiwa na grini kadi, kwa sheria ya taifa kushika bunduki hakuna shida kama hauna kizuizi kingine. Ukiwa kwa viza ya muda (masomo, matembezi, kazi) sheria ya taifa inakukataza kushika bunduki au risasi, lakini imeacha mlango mmoja ambao ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kwa hiyo wewe leseni unapata KWANZA, bunduki baadaye, hata ya kuazima, hata ya kushikishwa dakika mbili tu na rafiki upige picha. Na kama hauna hadhi halali ya kuwepo nchini, ndugu yangu usiguse kabisa, leseni haitakuokoa. Majimbo mengine yana masharti yao ya ziada, ongea na wakili wa uhamiaji kabla hujatoa hela yoyote.

Hatua ya kwanza ni mafunzo ya usalama wa uwindaji. Majimbo mengi yanamtaka mtu yeyote aliyezaliwa baada ya tarehe fulani awe na cheti, na tarehe yenyewe kila jimbo lina yake. Sehemu kubwa unasoma onlaini kwa muda wako, halafu sehemu nyingi kuna siku ya kwenda uwanjani, mwalimu anakuangalia unavyobeba bunduki, unavyovuka uzio, unavyoingia kwenye boti. Hiyo siku ya uwanjani ndiyo inachelewesha watu, nafasi zinajaa mapema mno, kwa hiyo anza mwezi wa sita au wa saba na siyo wiki moja kabla msimu haujafunguliwa. Kozi ni ya Kiingereza na ina maneno ya ajabuajabu, usione haya kumsimamisha mwalimu aeleze tena, wanapenda ukiuliza. Uzuri ni kwamba cheti ukishakipata unaweza kukitumia majimbo mengine pia, kitunze.

Hatua ya pili, leseni ya jimbo. Unaingia kwenye tovuti ya idara ya wanyamapori ya jimbo unalotaka kuwinda, unafungua akaunti, unajaza. Watakuomba namba ya soshosekyuriti (Social Security, ile namba ya utambulisho inayotolewa na serikali ya taifa), wengi wanashtuka hapo wanadhani ni matapeli, hapana, ni sheria ya taifa ya mwaka 1996 inayotumika kuwasaka wazazi wanaokwepa kulipa matunzo ya watoto. Cha kuangalia ni kwamba hiyo tovuti kweli ni ya serikali. Ukiwa mkazi wa jimbo unalipa kidogo, ukitoka jimbo lingine unalipa mara nyingi zaidi, na ukazi kila jimbo linauhesabu kivyake, usitie tiki kwenye ukazi kama hujafikisha muda wao. Majimbo mengi yana pia stempu au kibali chao cha bata, kawaida kinatokea palepale unapolipia, kiongeze.

Hatua ya tatu HIP, na hapa nataka utulie. HIP ni usajili wa wawindaji wa ndege wahamaji, upo majimbo yote isipokuwa Hawaii, na unajisajili kwa kila jimbo unalowinda, siyo ukishafanya moja basi. Maswali yenyewe mafupi, mwaka jana uliwinda bata? uliua kama wangapi? bata bukini je? njiwa je? Mwaka wangu wa kwanza niliona kama ni usumbufu tu nikabonyezabonyeza sifuri kila mahali nipite haraka, na baadaye nilipoelewa kazi yake iliniuma. Majibu yako yanatumika kukupanga kwenye kundi, halafu baadhi ya watu kutoka kila kundi wanafuatwa waeleze kwa undani msimu wao ulivyokwenda, na kutokana na hao ndiyo yanapatikana makadirio ya bata wangapi wameuawa nchi nzima. Makadirio hayo ni sehemu ya hesabu inayoamua mwakani utaruhusiwa bata wangapi kwa siku. Ukidanganya unaharibu hesabu ya ndege unaowapenda wewe mwenyewe. Jaza ukweli, ukimaliza printi au piga skrinishoti ya ile namba au alama inayoonyesha umesajiliwa.

Sasa stempu. Kila mwenye miaka 16 na kuendelea anayewinda bata au bata bukini lazima awe nayo. Bei ni dola 25 tangu mwaka 2015, na ukinunua ya kielektroniki kuna nyongeza kidogo ya huduma. Unaipata kwenye baadhi ya posta, kwenye maduka ya vifaa vya uwindaji, na kwenye tovuti nyingi za majimbo. Inaanza tarehe 1 Julai inaisha tarehe 30 Juni mwaka unaofuata, haijalishi umenunua lini. Ukichukua ya karatasi SAINI kwa wino kukatiza sura ya stempu, isiyo na saini haihesabiki, nimewahi kuwa na mwenzangu kwenye matete asubuhi, stempu anayo mfukoni mpya kabisa haijaguswa kalamu, afisa akaja, na siku yake ya kuwinda ikaishia palepale. Ya kielektroniki zamani ilikuwa siku 45 tu mpaka ile ya karatasi ifike kwa posta, lakini sheria iliyosainiwa mwisho wa mwaka 2023 ilibadilisha, siku hizi unaitumia msimu mzima na ya karatasi unatumiwa baada ya msimu.

Kwa nini nasema usiruke hapa? Mwaka 1934, ukame umekausha mashamba na madimbwi ya bata vilevile, Rais Franklin D. Roosevelt alisaini sheria ya stempu hii, ya kwanza ilichorwa na mchoraji katuni Jay "Ding" Darling na iliuzwa dola 1. Tangu hapo senti 98 katika kila dola zinakwenda kununua au kukodi ardhi oevu, na zaidi ya eka milioni 6 zimehifadhiwa. Nchi hii (ukitoa Alaska na Hawaii) imeshapoteza zaidi ya nusu ya ardhi oevu iliyokuwepo miaka ya 1780. Kule North Dakota, South Dakota na Minnesota kuna madimbwi madogo yasiyohesabika yaliyoachwa na barafu ya kale, theluji ikiyeyuka yanajaa, wadudu wa majini wanazaana, bata jike anakula hao wadudu apate nguvu ya kutaga kisha anatengeneza kiota kwenye nyasi pembeni. Mkulima akichimba mtaro au akilaza bomba dimbwi limekwisha na bata hana pa kutagia. Hela ya stempu inamlipa mwenye shamba mara moja, mkataba unabaki na ile ardhi hata akiiuza, asikaushe asifukie asichome, lakini likikauka lenyewe analima kama kawaida. Hata usiyewinda unaweza kununua, wapiga picha za ndege wananunua, na inakuingiza bure kwenye hifadhi za taifa za wanyamapori zinazotoza kiingilio.

Zikishakamilika pakua kitabu cha sheria za msimu cha jimbo lako, cha mwaka HUU. Idadi ya bata kwa siku inategemea njia ya uhamaji wa ndege ambayo jimbo lako limo, njia hizo ziko nne, na ndani yake kuna idadi ya kila aina na wakati mwingine hata ya majike, kwa hiyo jifunze kutambua bata akiwa hewani. Mengine ni haya: marisau ya madini ya risasi (lead) yamepigwa marufuku kwa bata tangu 1991, tumia ya chuma au mengine yasiyo na sumu na usibaki na hata ganda moja la zamani mfukoni, shotigani isibebe zaidi ya risasi 3 kwa jumla, kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka linapozama, na usiwinde palipomwagwa nafaka ya kuwavuta, pakishaondolewa chambo panahesabika bado pana chambo siku 10. Bata uliyempiga mtafute mpaka umpate, na safarini mwachie kichwa au bawa moja lenye manyoya yake ili afisa ajue ni aina gani.

Ukimkuta bata na pete ya namba mguuni, ile ya watafiti wa ndege, usiiweke tu kama pambo. Ingia reportband.gov, andika namba, mahali na tarehe, haina malipo na pete inabaki yako. Watakuletea cheti kinachosema ndege huyo alivishwa pete wapi na mwaka gani.