Kutoka Kidato cha Nne hadi Joho la Wakili: Somo kwa Wanafunzi wa Mombasa

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, yakitoka, simu yangu haipoi. Wazazi wa Kisauni, vijana wa Likoni, hata waliofika mwaka wa tatu chuoni wakisomea biashara au ualimu, wote huniuliza jambo moja: mtu huingiaje sheria? Mimi ni wakili hapa mjini na hujibu kila mmoja peke yake, ila majibu yanafanana mno. Basi nimeyaweka pamoja hapa, na mwisho nimejibu maswali mliyonitumia.

Ushauri wangu mkuu ni huu: anza kupanga kutoka mwisho. Mwisho ni Karen, Nairobi, kwenye Chuo cha Sheria cha Kenya (KSL), ambako mwenye digrii ya sheria hufundishwa uwakili. Jua Karen wanataka nini, kisha rudi nyuma mpaka pale ulipo leo. Vijana wengi hufurahia barua ya chuo kikuu, wakasoma miaka 4, ndipo wakaanza kuulizana masharti ya KSL. Wakati huo karo imeshalipwa na miaka imeshapita.

Tuondoe na mkanganyo wa filamu za Marekani. Marekani mtu humaliza digrii yoyote kwanza, akafanya mtihani wa LSAT, halafu akasoma sheria kwa miaka 3. Kenya sheria yenyewe ni digrii ya kwanza, yaani LLB ya miaka 4, na unaweza kuingia moja kwa moja ukitoka kidato cha nne.

Hatua ya kwanza: soma cheti chako cha KCSE vizuri

Kitoe kwenye bahasha ukiweke mezani. Angalia vitu viwili. Cha kwanza ni gredi ya wastani: je, ni C+ au zaidi? Cha pili ni gredi ya Kiingereza na ya Kiswahili: je, mojawapo ni B au zaidi? B kamili, maana B- haitoshi.

Neno lililoandikwa ni “au”. Kiingereza au Kiswahili. Nalisisitiza kwa sababu watoto wetu wa Pwani wengi hufanya vizuri Kiswahili wakapata B+ au A-, Kiingereza kikawaangusha kidogo, nao wakajitoa wenyewe kwa kudhani sheria ni ya wenye Kiingereza tu. Kiingereza utakihitaji darasani na kortini, hilo ni kweli, lakini kwenye sharti la kuingia, B ya Kiswahili ina uzito uleule.

Ukiwa na vyote viwili, njia yako imenyooka. Kikikosekana kimoja, usikate tamaa, ila soma kwa makini swali la tatu hapo chini.

Hatua ya pili: chagua chuo chenye leseni

Digrii ya sheria ina wasimamizi wawili. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu husimamia vyuo vikuu kwa jumla, na Baraza la Elimu ya Sheria (CLE), lililo chini ya Sheria ya Elimu ya Sheria ya mwaka 2012, hutoa leseni ya kufundisha sheria. Chuo chaweza kuwa kikubwa na chenye jina, kisha kitivo chake cha sheria kikawa na matatizo ya leseni. Yameshatokea nchini, na wanafunzi wakabaki njia panda. Kabla hujalipa hata shilingi, tazama orodha ya Baraza, na uangalie leseni ni ya kampasi ipi.

Kwa sisi wa Mombasa, Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifundisha sheria kwenye kampasi yake ya hapa mjini, na kwa familia isiyoweza kodi ya Nairobi kwa miaka 4 hilo ni jambo kubwa. Wanaopitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, wakumbuke kwamba kutimiza masharti na kupata nafasi ni mambo mawili tofauti. Nafasi hutegemea pointi za klasta, yaani alama zinazokokotolewa kutokana na masomo yanayohusiana na kozi, ambazo upeo wake ni 48, na sheria ni miongoni mwa kozi zinazogombaniwa sana. Ukikosa, bado unaweza kuomba chuoni kama mwanafunzi wa kujilipia.

Hatua ya tatu: miaka 4 ya LLB

Kuna masomo 16 ya lazima yanayotakiwa na Baraza: katiba, mikataba, jinai, ushahidi, ardhi na mali, familia na mirathi, kampuni, kazi na mengineyo. Ukisomea ng’ambo orodha hii itakuhusu zaidi, kwa hiyo ihifadhi.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo mwanafunzi mzuri anapojitenga na wengine. Hukumu za mahakama zetu husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Soma moja kila wiki. Ukitaka pa kuanzia, anza na kesi ya wakazi wa Owino Uhuru, kule Changamwe, waliodhuriwa na sumu ya madini ya risasi (lead) kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Zisome hukumu zote tatu, moja baada ya nyingine, ukiwa na kalamu. Utaona majaji wasomi, mbele ya mambo yaleyale na watu walewale, wakifika mahali tofauti, na utaona ni kwenye aya gani hasa walipoachana. Ukimaliza utaelewa haki za mazingira na fidia na wajibu wa serikali kuliko ungeelewa kwa kukariri noti za muhula mzima. Na hao ni jirani zetu.

Jambo la pili: nenda kortini ukaketi nyuma. Kesi husikizwa hadharani, huhitaji mwaliko. Vaa nadhifu, zima simu, inama kidogo unapoingia na unapotoka. Asubuhi utakuta kesi za kutajwa. Wakili anasimama, anajitambulisha, anasema yeye ni wa nani, anamwambia hakimu kwamba hati ya kiapo ya upande wa pili ameipata jana jioni na anaomba siku 14 ajibu. Hakimu anaandika, anatoa tarehe, inaitwa nyingine. Dakika mbili au tatu tu. Ukiona hayo yanakuvutia hata bila mikiki ya filamu, hii kazi ni yako.

Hatua ya nne: KSL, mtihani na uanagenzi

Mafunzo ya uwakili (ATP) huchukua miezi 18: miezi 12 darasani na miezi 6 ya uanagenzi chini ya wakili mwenye tajriba ya angalau miaka 5. Masomo ni 9, yakiwemo uendeshaji wa kesi za madai, wa kesi za jinai, mirathi, uhamishaji wa ardhi, uandishi wa hati, na maadili ya kazi. Alama hugawanywa hivi: 20 za kazi ya mradi, 20 za mtihani wa kuzungumza, na 60 za mtihani wa kuandika unaosimamiwa na Baraza. Wanaoanguka si wachache, na wengi wao walikuwa wazuri chuoni. Mtihani huu unataka ujue kutenda: andika hati ya madai, jaza fomu ya mirathi, mtetee mteja. Nadharia tupu haikuvushi.

Uanagenzi unaweza kuufanya hapahapa Mombasa, na mji huu una utajiri wa kazi: mizigo na meli za Kilindini, mashamba ya Pwani yenye migogoro ya hati, mirathi ya Kiislamu katika mahakama za kadhi. Tafuta ofisi mapema. Baadaye unapeleka ombi kwa Jaji Mkuu, unaapishwa, jina linaingia kwenye orodha ya mawakili, na kila mwaka unachukua cheti cha kufanyia kazi kupitia Chama cha Mawakili.

Jumla ni miaka mitano na nusu, ukiwa hukusubiri popote wala hukurudia mtihani. Familia ipange karo kwa muda huo wote, pamoja na kodi ya mwaka mmoja Nairobi.

Maswali mliyonitumia

*Shikamoo, wakili. Nina B- ya wastani, Kiswahili B, Kiingereza C+. Walimu wananiambia nichague ualimu. Nifanyeje? (Likoni)*

Marahaba, mwanangu. Masharti umeyatimiza: wastani wako umepita C+, na Kiswahili chako ni B kamili. Linalobaki ni pointi za klasta. Weka sheria kwenye machaguo yako ya KUCCPS, na usizijaze nafasi zote kwa vyuo vinavyotaka pointi za juu zaidi. Wakati huohuo uliza karo ya wanaojilipia. Na kuanzia leo soma Kiingereza kila siku, maana sheria utasomeshwa kwa lugha hiyo.

*Binti yangu yuko mwaka wa pili, anasomea biashara. Sasa anataka aache aanze sheria. Mimi ni mama wa mboga Kongowea, nimeuza mpaka nimefika hapa. Nimwambie nini?*

Mama, nakupa heko kwanza. Uhamisho kupitia KUCCPS hufunguliwa kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na ni lazima awe alifikia pointi za kozi anayoitaka mwaka ule alioingia. Yeye amepita hapo. Ushauri wangu ni amalize biashara. Mwenye digrii ya fani nyingine kutoka chuo kinachotambulika anaruhusiwa kuomba LLB, na ataingia akiwa na cheti cha kumpatia kazi ya kujilipia karo. Wakili anayejua hesabu za kampuni na kodi ana soko zuri katika mji wa bandari. Ila kabla hamjakubaliana, mtoe cheti chake cha KCSE mkipime kwa hatua ya kwanza. Akiwa na C+ na ile B, hana wasiwasi.

*Nilipata C. Nikifanya diploma ya sheria, kisha LLB, nitakubaliwa KSL? (Changamwe)*

Ndugu yangu, hapa nataka uwe macho kuliko wote. Diploma iliyofaulu vizuri yaweza kukuingiza LLB. KSL ni suala jingine. Jedwali la Pili la Sheria ya KSL ya mwaka 2012 ndilo lenye masharti yao, na wanafunzi waliopanda ngazi kama unavyotaka wewe wameshalipeleka mahakamani mara nyingi. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa zililisoma kwa namna tofauti. Kwa hiyo usimsikilize wakala wa chuo anayekwambia “wengi wamepita”. Waandikie KSL, eleza gredi zako zote na njia unayokusudia, wakujibu kwa maandishi, na uihifadhi barua hiyo. Fanya hivyo kabla ya kulipa karo ya diploma. Jua pia kwamba Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na kazi hiyo inahitajika sana huku kwetu kwenye mashamba na ndoa.

*Kuna tatizo nikisomea Dar es Salaam au Kampala? Karo huko ni nafuu. (Mji wa Kale)*

Hakuna tatizo la asili. Wakenya wengi wamesoma huko. Ila digrii ya nje lazima itambuliwe na Baraza, na watalinganisha masomo yako na yale 16. Yakipungua, utatakiwa kuyasoma ndipo uendelee. Chukua orodha ya masomo ya chuo unachokitaka, iweke kando ya ile 16, ujue pengo kabla hujapanda basi. Wanafunzi wa vyuo vya nje pia huulizwa sana gredi za KCSE, basi rudi hatua ya kwanza.

*Assalaam aleikum. Nina digrii ya sharia ya Kiislamu kutoka ng’ambo. Naweza kuwa wakili?*

Waaleikum salaam, sheikh. Kwa digrii hiyo peke yake, hapana, kwa sababu uwakili unadai LLB. Inakufungulia mambo mawili. Waweza kuomba ukadhi nafasi zinapotangazwa na Tume ya Huduma za Mahakama, kwani Kifungu cha 170 cha Katiba kinataka Mwislamu mwenye ujuzi wa sheria ya Kiislamu inayohusu madhehebu yoyote ya Waislamu. Na kama chuo chako kinatambulika hapa, waweza kuomba LLB kama mwenye digrii. Wakili anayeijua mirathi ya Kiislamu kwa kina, na akaijua pia Sheria ya Urithi ya nchi, atapata kazi Mombasa siku ile ile anayoapishwa. Familia nyingi zinazozozania nyumba za marehemu zinamtafuta mtu huyo.

*Mimi naogopa kusimama mbele za watu. Niache? (Tudor)*

Usiache. Kuna mawakili ambao wiki nzima hawavai joho: wanaandika mikataba, wanahamisha hati za ardhi, wanashauri kampuni za meli. Mtihani wa kuzungumza KSL utaufanya, hilo halikwepeki. Chuoni jiunge na mashindano ya kesi za mazoezi tangu mwaka wa kwanza, uanze kwa kuandika hoja za timu, na mwaka wa pili uombe kusimama mwenyewe japo kwa dakika tano.