Jinsi ya kuvusha mzigo mdogo Namanga kihalali bila kumlipa kishoka

Hii ni kwa akina mama na vijana wenye mizigo ya kawaida, vitunguu vya Mang'ola, maharage, nyanya, kandambili za kimasai, wanaopeleka Kenya kupitia Namanga, na wale wanaotoka Kenya kuja huku Tanzania pia. Wengi bado wanapita njia za panya usiku na boda kwasababu wameaminishwa geti ni la wenye malori, na inaniuma sana maana huko porini ndo mzigo unataifishwa, ndo akina mama wanadhalilishwa, wakati utaratibu wa mtu mdogo upo na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishakubaliana.

Kwanza uelewe kituo chenyewe kinavyofanya kazi. Namanga ni kituo cha pamoja, kilizinduliwa na Magufuli na Uhuru tarehe 1 Desemba 2018. Zamani ulikuwa unagonga stempu ya kutoka upande mmoja, unavuka, unapanga foleni upya upande wa pili. Sasa hivi unasimama mara moja tu, na unasimama kwenye nchi UNAYOINGIA. Kwaiyo ukitokea Arusha unalipita jengo la Tanzania unaenda moja kwa moja la upande wa Kenya, humo ndani unamkuta uhamiaji wa Tanzania anakugongea kutoka, alafu pembeni yake wa Kenya anakugongea kuingia, na forodha ni ivo ivo, TRA na KRA, yaani mamlaka za mapato za Tanzania na Kenya, wako chini ya paa moja. Ukirudi ni kinyume chake. Usishangae kumkuta mtu wa TRA amekaa ardhi ya Kenya, ile sheria ya Jumuiya ya vituo vya pamoja ya mwaka 2016 ndo inampa nguvu ya kufanya kazi hapo. Utaratibu ni huo huo Holili na Taveta, Busia, Mutukula, Rusumo, kwaiyo ukishaelewa mmoja umeelewa mingi.

Karatasi zako wewe mwenyewe: pasipoti, au kama huna basi hati ya dharura ya kusafiria, unaiombea uhamiaji. Usidanganywe kwamba kitambulisho cha NIDA kinatosha, mpango wa kusafiri kwa kitambulisho cha taifa ni wa Kenya, Uganda na Rwanda, tangu 2014, Tanzania haimo. Beba na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, watu wa afya wanaweza kuiulizia pale mlangoni. Kama unaenda na gari yako hakikisha bima yako ina yellow card ya COMESA, yaani bima ya gari inayotambulika ukivuka mpaka, COMESA ni soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, Tanzania ilishatoka COMESA lakini kwenye bima hiyo bado imo.

Sasa mzigo, hapa ndo pa kusoma taratibu.

Kuna utaratibu uliorahisishwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Mzigo wako ukiwa na thamani isiyozidi dola 2,000, ukiwa umezalishwa ndani ya nchi za Jumuiya, na bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, unapewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, yaani karatasi ya kuonyesha bidhaa imezalishwa wapi, na afisa wa forodha hapo hapo mpakani. Ni BURE. Na huhitaji wakala wa forodha, unajaza mwenyewe, jina lako, bidhaa, uzito, thamani, basi. Akija kijana na fulana nzuri anakwambia nipe hela nikutolee cheti fasta, huyo ni kishoka, pita.

Cheti kinaondoa ushuru wa forodha tu, kodi nyingine kama VAT zinaweza kubaki kutegemea na bidhaa, kwaiyo uliza kabla hujafunga bei na mteja wako. Na ukilipa chochote dai risiti ya mamlaka yenyewe, karatasi iliyoandikwa kwa mkono usiikubali.

Jambo linalowachanganya watu ni hilo neno kuzalishwa. Umenunua simu Nairobi, lakini simu imetengenezwa China, hiyo haipiti kwenye utaratibu huu hata kama thamani yake ni dola 100. Mitumba vilevile. Kununulia Kenya hakufanyi kitu kiwe cha Kenya. Mahindi ya Babati, ndizi, vikapu, sabuni ya kiwanda cha Kenya yenyewe, hizo ndo zinastahili. Na mzigo ukizidi dola 2,000 usiugawe kwa wenzio watatu ili upite, ukigundulika unaanza upya na mzigo unaoza juani, we tafuta wakala mwenye leseni upitishe kwa cheti cha kawaida.

Mazao yana karatasi za ziada na hizi zianze nyumbani, usizisubiri mpakani. Kibali cha kusafirisha mazao nje cha Wizara ya Kilimo, cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu ya Tanzania, na mwambie mteja wako wa Kenya aulize KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, mapema kama zao lako linataka kibali cha kuingiza. Mahindi ndo yana kazi zaidi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwasababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, aliyeingiza asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwaiyo kausha vizuri, usianike chini kwenye udongo, pima kabla ya kupakia. Kusubiri majibu ya maabara ukiwa na lori la kukodi unalipia kila siku ni hasara tupu.

Alafu mifuko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, kwaiyo rambo ulizofungia nguo zako ziache, tumia viroba na vikapu.

Hela badilisha kwenye benki au duka la fedha lenye leseni, wale wa kushika mabunda barabarani wanahesabu haraka kuliko macho yako.

Ukizuiliwa bila sababu ya maana usigombane. Omba kuandikiwa sababu, omba kumwona msimamizi wa zamu, wa nchi yako yumo humo humo ndani. Ikishindikana peleka lalamiko kwenye kamati ya taifa ya vikwazo visivyo vya kiushuru, yaani vizuizi vya biashara ambavyo si ushuru, kila nchi mwanachama inayo, na tangu 2017 kuna sheria ya Jumuiya ya kuviondoa. Andika tarehe, saa, mpaka, bidhaa, ulichoambiwa na hasara uliyopata, na uambatanishe picha ya cheti chako na risiti zote.