Kupanga muziki wa redio ya shule: tunavyofanya sisi Tabora

Mimi ni mlezi wa klabu ya redio ya sekondari hapa Tabora. Redio yenyewe ni kompyuta moja, amplifaya na spika nne za honi, moja tumeifunga kwenye mwembe. Haturushi kwa FM, maana hiyo inataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Tuna dakika 30 tu, wakati wa chakula cha mchana, na wanafunzi ndio wanaoendesha.

1. Piga hesabu kwanza. Toa dakika 8 za salamu na matangazo, zinabaki 22: nyimbo sita za Bongo Fleva, basi. Vijana wataleta orodha ya ishirini.

2. Sikiliza wimbo mzima, kalamu mkononi. Matusi hupenda kujificha ubeti wa pili. Sisi tuliwahi kupitisha wimbo kwa kusikia kiitikio tu. Ubeti wa pili ulipofika, mwalimu wa zamu alikuwa chini ya mwembe na sahani yake ya maharage. Tulifungiwa wiki mbili. Siku hizi wanasikiliza wawili, na mmoja lazima awe hampendi msanii huyo, kwa sababu shabiki hasikii tusi. Kidato cha nne wakicheka mahali usipoona kichekesho, uliza maana.

3. Anza na wimbo unaojulikana, wimbo mgeni uweke wa tatu. Hapo ndipo tunapoweka Tabora Jazz au Nyanyembe Jazz, bendi za mji huu huu ambazo wanafunzi wengi hawajawahi kuzisikia. Ila dansi la zamani huanza taratibu, utamu uko kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezeka inayokuja mwishoni. Ukilikata dakika ya tatu umewapa ugali bila mboga. Afadhali uondoe Bongo Fleva moja, dansi lipigwe mpaka mwisho.

4. Sawazisha sauti. Rekodi za zamani ziko chini, mpya zinapiga kelele. Audacity ni programu ya bure na inatosha. Kisha toka ukasikilizie bwaloni. Besi inayotikisa chumba chenu haifiki kwenye honi.

5. Andika kila wimbo daftarini: tarehe, msanii, mtunzi. Mkienda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuulizia haki za nyimbo, daftari hilo litawasaidia. Sisi linatuzuia pia kurudia wimbo ndani ya siku tatu.

Maombi yaje kwa vikaratasi. Ukikuta kumi vya mwandiko mmoja, hesabu kimoja.