Muhula mmoja wa uigizaji wa Shakespeare London: jiandae ukiwa Dar

Ada na viza zinatisha, lakini usaili ndio unaoamua. Shule za London kama RADA na LAMDA zina masharti yao, yasome ya mwaka husika. Kwa kawaida utatakiwa vipande viwili vya kusema peke yako, kimoja cha enzi za Shakespeare na kimoja cha kisasa, kila kimoja cha dakika mbili hivi.

Kile cha kale kiwe cha kishairi, cha mhusika wa rika lako. "To be, or not to be" ya Hamlet iache. Wasaili wameisikia mno. Edmund wa King Lear anafaa, Isabella wa Measure for Measure vilevile. Edmund anaanza hivi:

Thou, Nature, art my goddess. To thy law
My services are bound.

Aliyelelewa kwenye mizani ya mashairi ya Kiswahili atahesabu silabi 10 na kuridhika. Haitoshi. Mstari huu unatembea kwa mapigo matano: Na-, art, god-, to (hili hafifu), law. Silabi nyingine hupita upesi. Sisi huzipa silabi zote uzito unaokaribiana, tena huongeza irabu mwishoni: bound inakuwa "baundi", services "savisizi". Silabi zinazidi, mapigo yanapotea. Gonga meza kwenye mapigo matano tu, polepole, hadi mkono usihitajike tena.

Kosa jingine ni kutua mwisho wa mstari, kama tunavyotua penye kina. Baada ya law hakuna kituo. Vuta pumzi baada ya goddess, kisha usiikate hadi bound.

Ukichagua Portia wa The Merchant of Venice, soma kwanza tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi (1969), ili maana ikukae, ndipo urudi kwenye Kiingereza.

Ukitakiwa kutuma video ya usaili, irekodi Jumapili saa 12 na nusu asubuhi, kabla honi za daladala hazijachangamka. Zima feni, kwa sababu muungurumo wake hufunika konsonanti. Chumba chenye godoro na mapazia mazito hupunguza mwangwi. Simu isimame kwa ubavu ili picha iwe pana, iwe kimo cha macho, na wewe utazame upande wa dirisha.

Kwa usaili wa mtandaoni, Dar iko mbele ya London kwa saa 3. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ile ya mwisho ya Oktoba ni saa 2.

Masomo yasiyozidi miezi 6 huombewa viza ya mgeni, mradi shule iwe imeidhinishwa. Omba ndani ya miezi 3 kabla ya safari. Viza hiyo hairuhusu kibarua chochote, hivyo fedha ya kula na kulala ikamilike kabla hujaondoka. Fedha nyingi zikiingia benki ghafla huzua maswali: kama mjomba ndiye anayekulipia, ambatisha barua yake na taarifa za akaunti yake. Hati za Kiswahili ziende na tafsiri iliyothibitishwa.