SOMO: Kutunza meno ukiwa na bresi (kwa wote mnaoniuliza kila wiki)

Wiki hii peke yake watu sita wameniuliza mambo yale yale, kwa hivyo naandika mara moja. Nilivaa bresi, yaani vyuma vya kunyoosha meno, miaka miwili na miezi mitatu hapa Kisumu, zikatolewa mwaka jana. Mimi si daktari. Haya ni niliyofundishwa nikiwa kwenye kiti cha daktari, pamoja na jambo moja ambalo meno yangu yamelilipia.

Hatua ya 1. Ziba matundu na usafishwe meno kabla ya kubandikwa chochote.

Hatua ya 2. Siku tatu hadi tano za mwanzo meno yatauma ukitafuna. Kunywa uji, kula ndengu zilizopondwa, ugali laini na mchuzi. Paracetamol inasaidia. Mdomo ukichubuka, sukutua kwa glasi ya maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Hatua ya 3. Nta ya kufunika chuma kinachochubua mdomo. Kausha braketi (kile kipande kidogo kilichobandikwa kwenye jino) kwa tishu kwanza, viringa kipande kidogo kama punje ya maharagwe, kandamiza. Wanaosema nta haishiki huwa wameibandika juu ya mate.

Hatua ya 4. Kupiga mswaki. Hapa someni polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea.

Miezi minane ya kwanza nilipiga mswaki asubuhi na usiku, dakika mbili kamili, bila kukosa. Lakini mswaki wangu ulikuwa unapita juu ya braketi tu. Ule ukanda mwembamba kati ya waya na ufizi sikuugusa. Utando wa uchafu unajikusanya pale, vijidudu vinakula sukari ya chai na mandazi, vinatoa asidi, na asidi inanyonya madini ya jino. Haiumi. Hakuna kitu kitakachokushtua. Nilijua siku ile daktari alipotoa waya na kukausha meno kwa upepo: alama nyeupe kama chaki zimezunguka braketi za meno mawili ya juu. Alama hizo bado ninazo. Zimefifia, hazijaisha. Bresi hazikunifanyia hivyo. Ni uchafu niliouacha pale juu.

Sasa fanya hivi. Simama mbele ya kioo, penye mwanga. Inamisha mswaki kutoka upande wa ufizi ukielekea kwenye waya, safisha jino moja moja. Kisha ugeuze utoke upande wa pili wa waya. Kisha sehemu za kutafunia, na upande wa ulimi, ambao wengi huusahau. Ukimaliza, chukua ule mswaki mdogo kama mti wa Krismasi, uupitishe chini ya waya kati ya kila braketi. Braketi safi inang'aa. Ikionekana imefifia, bado. Dawa ya meno iwe na floraidi, na ukimaliza iteme tu, usisukutue kwa maji mengi yakaiondoa yote.

Onyo la kwanza: fizi zikitoka damu, usipakwepe mahali pale. Mara nyingi damu inatokana na utando wenyewe. Safisha taratibu kila siku. Zikiendelea kutoka damu zaidi ya wiki mbili, nenda ukaonwe.

Onyo la pili: ukitoka kunywa soda au maji ya machungwa, usikimbilie mswaki. Sukutua kwa maji, ngoja nusu saa.

Onyo la tatu: mswaki wa kijiti weka kando kwa sasa. Nyuzi zake zinanasa kwenye waya.

Hatua ya 5. Chakula. Miwa hapana. Najua sisi tumezungukwa nayo kutoka Kibos hadi Muhoroni, lakini hapana. Mahindi ya kuchoma, bisi, njugu ngumu, barafu, mifupa: hapana. Nyoyo (mahindi na maharagwe) ichemshwe mpaka mahindi yapasuke. Ngege (samaki tilapia) wa kukaanga anaruhusiwa, toa minofu kwa vidole. Omena (dagaa) kula, ila usilale kabla ya kusafisha. Embe likatwe vipande, usifyonze kokwa. Kuhusu chai ya sukari: kikombe kimoja pamoja na chakula ni afadhali kuliko kuinywa funda moja moja toka asubuhi hadi jioni, maana kila funda meno yanaanza kushambuliwa upya.

Hatua ya 6. Raba (vile vipira vya kuvuta meno vinavyofungwa kwenye braketi): vaa saa zote ulizoambiwa, badilisha kila siku. Ukisahau jana, usivae mbili mbili leo ili kufidia.

Hatua ya 7. Usikose miadi.

Hatua ya 8. Ritena (kifaa cha kushikilia meno baada ya bresi kutolewa) ivae kama ulivyoelekezwa hata meno yakionekana yamenyooka. Ioshe kwa maji baridi. Maji moto yanaipinda.

---

MASWALI

Otis_Nyalenda: Braketi moja ilitoka nikila, nimeirudisha na supaglu. Iko sawa?

Jibu: Haiko sawa. Gundi hiyo si ya mdomoni, na huwezi kujua kama umeirudisha mahali pake; ikikaa vibaya, jino litavutwa vibaya. Usiing'oe mwenyewe. Mpigie daktari leo.

Otis_Nyalenda: Lakini imeshika vizuri.

Jibu: Nimejibu.

Mama Baraka (Rongai, Nakuru): Shikamoo mwalimu. Kijana wangu ana miaka 13, meno yake ni ya kahawia kwa sababu ya maji ya kisima. Je, anaweza kuwekewa bresi? Na dawa yenye floraidi si itazidisha rangi?

Jibu: Marahaba mama, asante kwa kuuliza vizuri. Anaweza. Mwambie daktari mapema, kwa sababu kwenye meno ya aina hiyo gundi wakati mwingine haishiki vizuri, naye ataandaa jino kwa njia tofauti. Kuhusu dawa ya meno, usiogope. Rangi ile inatokana na floraidi nyingi iliyo kwenye maji ya kisima, na huingia wakati jino linaumbika ndani ya ufizi, mtoto akiwa mdogo. Meno ya mbele ya kijana wako yalishaumbika zamani, kwa hivyo floraidi ya mswaki inamkinga tu. Ila kama ana wadogo wake walio chini ya miaka minane, hao ndio wa kuangalia: wape maji ya mvua, au yaliyopitishwa kwenye kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho huko Nakuru kinatumika. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwenye sufuria, yenyewe inabaki. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Mama Baraka: Miaka yote nimekuwa nikichemsha! Asante sana mwanangu.

KondeleBoy: Nipige mswaki mara ngapi kwa siku?

Jibu: Soma hatua ya 4. Asubuhi, usiku, na baada ya chakula cha mchana ukiweza.

Shiko_254: Nimeona bresi za rangi zinauzwa mtandaoni za kujibandikia. Nianze nazo nikitafuta pesa?

Jibu: Usithubutu. Waya unaovuta bila mtu anayejua unavuta wapi unaweza kulegeza jino zima. Weka hizo pesa kwenye akiba ya matibabu.

Dogo wa Ugunja: Waya wa nyuma unanichoma shavu, ni Jumamosi usiku na kliniki yangu iko Kisumu. Nta imeisha.

Jibu: Pole sana kaka. Osha mikono, chukua penseli mpya yenye kifutio, kisafishe, usukume ncha ya waya polepole ilale kwenye jino. Ukikataa kulala, usilazimishe. Kata kipande cha pamba safi, weka kati ya waya na shavu ukiwa macho, ukitoe kabla ya kulala. Sukutua kwa chumvi. Usikate kwa koleo. Kipande kinaweza kuteleza kooni. Jumatatu asubuhi wapigie simu.

Baba Tito: Naongezea: anayecheza mpira aulize kuhusu kinga ya mdomo ya watu wenye bresi. Wangu alipigwa kiwiko Moi Stadium, mdomo ukachanika kwa ndani.

Jibu: Asante baba, hilo sikuliandika na linastahili.

Akinyi_J: Kwa nini ritena ivaliwe muda mrefu hivyo? Si mfupa umeshashika?

Jibu: Swali zuri dada. Waya unapovuta jino, mfupa wa upande unaosukumwa unayeyuka kidogo kidogo, na upande wa nyuma unajengwa mpya. Siku bresi zinapotoka, mfupa ule mpya bado haujakomaa, na nyuzi zinazoshika jino kwenye ufizi zinachelewa kuliko mfupa, bado zinalivuta kule lilikotoka. Mimi niliacha ritena siku tisa tu nilipokwenda matanga Bondo. Niliporudi ilinibana kama siku ya kwanza.

Akinyi_J: Nyanya yangu alitolewa meno sita ya chini akiwa msichana, kimila. Haelewi ninavyolipa ili yangu yapangwe.

Jibu: Wangu pia. Nilipomtembelea na bresi alinishika kidevu, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza kama zinauma. Nikamwambia kidogo. Akanipondea viazi.